Mwalimu Aliyelala Dakika Ishirini

Siku ya kwanza kumwona Mwalimu akilala, nilidhani amekufa. Alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda nje ya duka la Mama Hamdi, hapa Kitengela, saa nane mchana, kidevu kimegusa kifua na mikono imeachia. Shingoni, juu ya blauzi, alikuwa amevaa saa ndogo ya jikoni, ile ya kupimia keki, imefungwa kwa kamba ya viatu. Nilimwita mara mbili. Hakuitika. Nilikuwa nimeanza kupiga kelele wakati ile saa ilipolia. Mwalimu akafumbua macho, akasimama, akazungusha shingo polepole kutoka upande wa Athi River hadi upande wa Isinya, akaendelea mpaka akarudi alikoanzia. Aliporidhika kwamba hakuna kinachokuja, akaketi, akaikaza saa, akalala tena.

"Unapigia nani nduru?" Mama Hamdi aliniuliza kutoka ndani ya duka, huku akimpimia mteja maziwa ya ngamia. "Huyo ni Ticha. Analala kidogo, anaamka kuangalia kama dunia iko, anarudi. Mimi nimemwambia, Ticha, hata kuku analala mpaka asubuhi. Anacheka tu."

Mwalimu alikuwa amenifundisha jiografia katika shule ya sekondari ya wasichana iliyo nje kidogo ya mji. Nilipokuwa kidato cha pili aliomba likizo isiyo na mshahara, akaenda Kilifi alikokuwa akipitisha likizo zake zote akijifunza kusafiri kwa matanga, akapanda mashua kuukuu aliyoachiwa na mzee mmoja wa huko, akaizunguka dunia peke yake. Ilimchukua miaka miwili na nusu. Alipofika, shule ilitupakia sisi wa kidato cha nne kwenye basi tukaenda kumpokea. Tuliimba gatini mpaka sauti zikakauka. Tangu hapo kila mtu Kitengela alikuwa na neno lake juu ya Mwalimu, na mimi, niliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya na jirani yake katika ploti moja, nilikuwa na maneno mengi kuliko wote.

Ndiyo maana mwaka huu, shule ilipomaliza kujenga maktaba mpya na kuamua kuipa jina lake, mkuu wa shule alinipigia mimi. Alitaka kijitabu cha kugawiwa wageni siku ya ufunguzi: maisha ya Mwalimu baharini, yaliyoandikwa na mwanafunzi wake. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea. Mwalimu hakukubali wala hakukataa.

"Andika," aliniambia. "Habari ya jina ukutani nitawajibu baadaye. Kuna barua nangoja."

Akanipa madaftari sita ya safari. La saba, la mwisho, alibaki nalo.

Nilimuuliza juu ya zile dakika ishirini. Akachukua chaki. Nyumbani kwake chaki ilikuwa kila mahali, hata ndani ya kopo la sukari. Akachora mstari sakafuni.

"Hapa ndipo macho yako yanaishia. Meli kubwa ikitokea hapa, itakukanyaga baada ya dakika ngapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Ishirini hivi. Wao hawakuoni. Wako juu kama ghorofa, na wewe ni kitu kama ndoo. Kwa hivyo unalala ishirini, unaamka, unaangalia pande zote, unalala ishirini. Mchana na usiku."

"Miaka miwili na nusu?"

"Ukiwa katikati ya bahari, ndiyo. Ukikaribia nchi hata hizo hulali. Karibu na nchi kuna wavuvi, na ngalawa ya mbao haionekani kwenye ile mashine ya kuonyesha meli." Alifuta mstari kwa wayo wa mguu. "Hilo ni somo la kwanza kabisa. Hata mjinga analijua."

Nilipanda kitandani siku hiyo nikijaribu kufikiria mwili usiopewa usingizi mzima kwa siku zaidi ya mia tisa. Sikuweza. Na nilishtuka zaidi kwa kuwa sasa alikuwa nchi kavu, mwendo wa siku nzima kutoka maji ya chumvi, na bado analala hivyo.

Hakujua kuogelea. Nilipoisoma sentensi hiyo katika daftari la pili nilitoka nje nikamgongea mlango.

"Mwalimu, umeandika hapa hujui kuogelea."

"Sijui."

"Uliizunguka dunia!"

"Kwa mashua. Mashua ndiyo inaelea." Alikuwa akichambua sukuma na hakuinua macho. "Ukianguka uko peke yako, mashua inakwenda na matanga yake. Utaogelea uifuate? Dawa ni usianguke." Akanionyesha mkanda wa kiunoni wenye ndoano, aliokuwa akijifunga nao kwenye mashua hata akienda haja. Ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango pamoja na mwavuli.

Mtu huyohuyo hakuweza kuvuka barabara ya Namanga. Namaanisha hivyo hasa. Alisimama kando ya lami, akatazama malori ya saruji yakipita, akangoja mpaka apatikane mtu wa kumshika mkono. Vijana wa bodaboda walimjua.

"Nahodha! Leo bahari iko aje?"

"Imejaa vumbi, mwanangu. Njoo univushe."

"Na si ulivuka ile ya Pasifiki?"

"Ile haina madereva kama nyinyi."

Chakula chake kilibaki cha mashuani. Alikula katika sufuria aliyopikia, kwa kijiko kimoja, amesimama na mgongo umeegemea ukuta kana kwamba sakafu ingeinama. Mayai aliyapaka mafuta ya kujipaka na kuyageuza kila baada ya siku mbili, ingawa friji ilikuwa hapo inanguruma. Vitunguu alikuwa mkali navyo. Alikuwa ameondoka Kilifi na gunia zima la vitunguu vya Kimana, akivining'iniza kwenye nyavu, na aliapa kwamba cha mwisho alikikata karibu na Brazili kikiwa kizima. Unga uliingia wadudu; alipika ugali na wadudu wake. Asubuhi aliokota samaki warukao waliokuwa wameangukia mashuani usiku, akawakaanga kabla hawajakauka. Akiniambia haya alikuwa anacheka. Mimi niliandika tu.

Kitengela nzima hulia juu ya maji. Ya kisima yana chumvi, chai inakataa kuiva, nguo nyeupe zinakuwa kama za mtu aliyetembea Kajiado nzima kwa miguu. Mwalimu peke yake hakulia. Alioga kwa hayo maji na sabuni ya vyombo, kisha akajimwagia kikombe kimoja cha maji matamu kuondoa chumvi. Kikombe kimoja. Mama Hamdi alipomtania kwamba anaoga kama wale walio safarini jangwani, Mwalimu alimjibu, "Wewe watu wako walitoka jangwani, mimi natoka majini, na sote tunajua thamani ya kikombe." Mama Hamdi alicheka hadi akafuta machozi kwa mtandio.

Kulikuwa na jambo ambalo sikuweza kulisoma bila kufunga daftari. Aliondoka na rejista ya darasa letu. Sijui aliitoaje ofisini. Kila asubuhi, baada ya kukagua kamba na tanga, aliketi kwenye usukani akaita majina. Wote arobaini na wanne. Aliita, akangoja kidogo, kisha akajibu mwenyewe: "Yupo." Katika daftari la nne, mashua ikiwa imekwama siku nyingi mahali ambapo upepo ulikuwa umekufa kabisa na maji yamelala kama mafuta, anaandika kwamba aliita jina langu mara tatu kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuchelewa. Nilikuwa na miaka kumi na sita wakati huo. Nilikuwa nalala bwenini wakati jina langu linatamkwa katikati ya Pasifiki na mtu asiye na mwingine wa kumsikia.

Na alikuwa mtu wa kurudi. Sifa hii kila aliyesoma kwake anaijua. Aliwahi kutoka Isinya, akiwa amekwisha kufika kwa dada yake, akarudi shuleni jioni ileile kwa sababu alikumbuka amemnyima mwanafunzi alama moja aliyoistahili. Akamwita msichana kutoka prepu, kipindi cha kujisomea jioni, akaongeza ile alama mbele yake, akaondoka tena. Akisahau kufunga mfereji, anarudi. Akikusalimia vibaya, anarudi kukusalimia vizuri. Kule sokoni kina mama Wamaasai wanaouza shanga humwamkia "Supa!", na siku moja alipopita bila kujibu kwa kuwa na mawazo, aligeuka kutoka stendi, akarudi mpaka walipoketi, akasema "Supa oleng," kisha akaenda zake.

Mashua aliiuza ndani ya wiki ile aliyofika. Hilo nalo lilinishangaza. Nilidhani ni ukata. Alinikata kauli: "Sikutaka kuiona." Hakukanyaga Kilifi tena. Akialikwa kuongea kwenye shule nyingine alikwenda, akasimulia mawimbi marefu kama nyumba, nyangumi waliomfuata siku tatu, tanga lililopasuka na namna alivyolishona kwa uzi wa kushonea viatu. Alisimulia vizuri mno, wasichana wakasahau kukaa. Alipofika Bahari ya Hindi aliharakisha. Sentensi mbili, tatu, tayari yuko Kilifi na basi letu la shule. Nilimsikia mara nyingi na sikuwahi kuligundua hilo mpaka nilipokaa na madaftari sita na kukuta kwamba safari yote imo, isipokuwa njia ya kurudi nyumbani.

Katikati ya mwaka alihamia Kajiado mjini, kwenye nyumba yake ndogo ya mabati. Kijitabu changu kilikuwa karibu kwisha. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya ufunguzi, fundi alikuwa anangoja kuchonga jina juu ya mlango wa maktaba, na mkuu wa shule alinipigia kila asubuhi. "Mwambie Mwalimu ni ndiyo au hapana tu," alisema. Jumamosi moja Mwalimu mwenyewe alinipigia: "Njoo. Barua imefika."

Nilimkuta mezani. Mbele yake kulikuwa na daftari la saba, bahasha, simu yake, na ubao wa urefu wa mkono wangu. Ubao ulikuwa na rangi ya buluu iliyochubuka, upande mmoja umevunjika vibaya.

"Keti, mwandishi," alisema. "Leo sitachora kitu."

Akanisimulia akitazama ule ubao. Alikuwa amebakiza siku tatu kufika Kilifi. Upepo wa kusi ulikuwa unamsukuma vizuri. Alikuwa upande wa kusini wa Mafia, na kwa kuwa alitamani kuona nchi, alisogea karibu na pwani kuliko ilivyofaa. Asubuhi, jua limeshatoka, alichoka kwa namna ambayo hajawahi kuchoka. Akajiambia amefika nyumbani.

"Nikajipa saa moja."

Nilimtazama. Nilikuwa nimejifunza vya kutosha kuelewa alichosema.

"Karibu na nchi, Mwalimu?"

"Karibu na nchi. Saa moja nzima, kama mtu aliye kwake." Akavuta pumzi. "Nikaamshwa na mshindo. Mashua ilitetemeka kama imekanyaga jiwe. Nilipotoka, huu ubao ulikuwa umenasa kwenye nyaya za mbele. Rangi mbichi kabisa. Sikuona kitu kingine."

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea."

Nadhani nilisimama. Nakumbuka kiti kikianguka na yeye akikiangalia kiti.

"Hukurudi?"

"Kurudi ilikuwa kupigana na upepo na mkondo, wote wawili. Nusu siku, labda siku nzima. Nilijiambia ni gogo. Gogo lililopakwa rangi." Alisema hayo bila kujitetea, kama mtu anayesoma majibu mabaya ya mtihani. "Na Kilifi walikuwa wamepanga siku. Basi lenu lilikuwa limeshapangwa. Mlikuwa mnaningoja."

Niliona gati, na sisi tukiruka na sketi zetu za kijani, na yeye akishuka hajui aweke mguu wapi, na sisi tukidhani ni furaha. Nilikiinua kiti, nikaketi.

Alinieleza yaliyobaki kwa ufupi. Kwa miaka mitano alikuwa akiandika barua kwa mkono. Hakuwa na majina ya wavuvi wala ya wakuu wa vijiji, basi alifanya ambalo mwalimu angelifanya: aliandika kwa walimu wakuu wa shule za msingi zilizo karibu na bahari, kutoka Mafia mpaka Mtwara, moja baada ya nyingine, akaambatanisha picha ya ubao, akauliza kama katika kijiji chao kuna aliyepoteza chombo au ndugu. Wengi hawakujibu. Wengine walijibu kwa huruma kwamba hapana. Ndipo ikaja hii.

Aliisukuma bahasha kwangu. Barua ilikuwa ya mistari michache, mwandiko wa ubaoni. Mwenye ubao amepatikana, aliandika mwalimu mkuu. Yu hai. Namba yake ni hii, umpigie mwenyewe, anataka kuongea nawe.

"Yu hai!" Nilipiga kelele. "Mwalimu, yu hai!"

"Nimesoma. Iko hapa wiki mbili." Aliisukuma simu kwangu. "Siwezi kubonyeza. Nibonyezee."

Nikabonyeza, nikaweka simu katikati ya meza, sauti nje. Iliita muda mrefu. Kisha mwanamume akapokea, nyuma yake kuna sauti za watoto na kitu kinagongwagongwa.

"Shikamoo," Mwalimu alisema, na sijui kwa nini alimwamkia hivyo, kwa maana sauti ile ilikuwa ya mtu mdogo kwake.

"Marahaba... ah, wewe ndiwe yule mwalimu wa Kenya? Basi mimi ndiye nikupe shikamoo, mama. Za huko?"

"Nzuri. Huu ubao..."

"Ni rengu la ngalawa yangu. Ule ubao wa ubavuni unaoizuia isipinduke. Ulipovunjika tukapinduka palepale."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Mimi na shemeji yangu."

Mwalimu alifumba macho. "Na yeye?"

"Yupo, mama. Yule pale anagonga misumari. Tulishikilia ngalawa chini juu mpaka alasiri, wenzetu wa Kilwa wakatupitia wakatuokota. Tulikunywa maji tu, na mguu wake mmoja haukupona sawasawa. Mungu hakutaka tufe."

Nililia. Sioni haya kuandika hivyo. Nilimshika Mwalimu bega, nikasema asante, asante, kwa yeyote. Yeye hakulia. Alikuwa amekaza macho kwenye simu kama mtu anayejua kwamba mwenzake hajamaliza.

"Mama," yule mwanamume alisema. "Mimi sina kinyongo nawe. Nina swali moja tu, kwa maana limeniharibia jina. Mimi niliwaambia watu hapa kwamba chombo kilichotupiga kilikuwa cha matanga meupe, cha kizungu, na ndani mlikuwa na mwanamke mweusi kama sisi, peke yake, amefunga kitambaa cha manjano. Tulipiga kelele, akasimama nyuma kule kwenye usukani akatutazama. Akatutazama kitambo. Kisha akageuka."

Mwalimu aliushika ubao, na yule mwanamume akaendelea.

"Shemeji yangu hakuona, alikuwa chini ya tanga. Kijiji kizima kikanicheka. Wakasema mwanamke mweusi peke yake katika chombo cha kizungu hayupo duniani, nimekunywa maji ya bahari yakanipanda kichwani. Mwaka wa sita huu naitwa mwongo, mama. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwongo. Sasa niambie wewe. Niliona au sikuona?"

Nilimtazama Mwalimu, na bado nilikuwa nangoja aseme hapana. Alikuwa ameniambia hakuona kitu. Alikuwa ameniambia hayo dakika kumi zilizopita, kwenye meza hii.

"Uliona," alisema.

"Naam?"

"Uliona sawa. Nilikuwa mimi. Niliona vichwa viwili, na mkono wako ulikuwa juu. Nikageuka."

Kule misumari iliacha kugongwa. Kisha yule mwanamume akaanza kuita majina, kwa sauti kubwa, mmoja baada ya mwingine, njoo, njooni nyote, na wewe bibi njoo, mwiteni na mzee. Tukasikia nyayo, na kuku, na mtu akiuliza kuna nini. Alikuwa amefungua sauti ya simu yake pia, kwa maana tulisikia sauti zetu zikiturudia.

"Mama, wako hapa," alisema. Sauti yake ilikuwa imevunjika. "Nakuomba. Sema tena, wasikie."

Mwalimu alisimama. Alinyoosha blauzi yake, akaweka mikono nyuma, kama alivyosimama mbele yetu miaka yote ile akitusomesha upepo na mikondo. Akataja jina lake kamili, na kazi yake, na jina la mashua yake. Akaeleza mahali, na saa aliyolala, na alichokiona alipotoka nje, na kwamba mtu huyu amesema kweli tangu siku ya kwanza. Alisema polepole ili atakayetaka kuandika aandike. Mtu mmoja kule alimwomba arudie sehemu ya mkono. Akairudia.

Simu ilipokatika aliendelea kusimama. Nje kulikuwa na upepo unaosukumasukuma mabati.

"Nibonyezee mkuu wa shule," alisema. "Na usikae mbali. Nitamweleza yote kwa mpangilio uleule kabla fundi hajachonga jina, kisha wewe utaandika."

Nikabonyeza.